Neno "by" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni huwa ninafundisha Kiingereza hapa Kampala. Wanafunzi wangu ni watu wazima ambao lugha yao ya kuwazia ni Kiswahili: Wakongomani waliokimbia vita, Wanubi waliokulia Bombo, wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba kila wiki, na wazazi wanaotaka kuwasaidia watoto kazi za nyumbani. Maneno marefu hayawasumbui sana, maana neno refu unalikariri likakaa. Kinachowatoa jasho ni hiki kihusishi cha herufi mbili. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa darasani, mengine zaidi ya mara kumi, na nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu ubaoni.

Mwalimu, "by" kwa Kiswahili ni nini?

Ukiuliza hivyo hutapata jibu, na si kosa lako. Kiswahili hakina neno moja linaloibeba "by" yote. Mara ni "na", mara ni "kwa", mara ni "kando ya", mara ni "kufikia", na mara nyingine haitafsiriwi kabisa, inamezwa na kitenzi.

Ninachowaomba wanafunzi wangu ni hiki: usiitazame "by" yenyewe, tazama kinachoifuata. Ikifuatwa na mtu au kitu kilichotenda, soma "na". Ikifuatwa na siku, saa au mwaka, soma "kufikia". Ikifuatwa na chombo cha usafiri, soma "kwa". Ikifuatwa na mahali, kama mto, dirisha au barabara, soma "kando ya". Ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing", soma "kwa ku-". Ikifuatwa na namba, hapo unapima kitu. Hizo ndizo njia kuu sita. Zinazobaki ni misemo, na misemo hujifunzwa mmoja mmoja.

Kwa nini neno moja libebe mizigo yote hiyo?

Kwa sababu ni neno la kale sana. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa "bi" au "be", na maana yake ilikuwa ukaribu: pembeni ya kitu, kukizunguka kitu. Ndugu zake wapo hadi leo, "bei" ya Kijerumani na "bij" ya Kiholanzi. Ukishika hilo la ukaribu, mengi yanafunguka. Aliye karibu na tendo ndiye mtendaji. Njia inayopita karibu nawe ndiyo njia ya kufikia jambo. Saa iliyo karibu na mwisho ndiyo kikomo.

Mabaki yake yako hata pale usipoyatarajia. "Because" ilitokana na "by cause", yaani kwa sababu. Ile "be-" ya mwanzo wa "beside", "before", "below" na "between" ni "by" hiyohiyo, sauti yake ikiwa imefifia. Mwanafunzi akishaliona hilo, "beside the road" na "by the road" hazimtishi tena. Anajua ni watu wa ukoo mmoja.

Katika kauli ya kutendwa, "by" ni "na" siku zote?

Ndiyo, mtendaji akitajwa. "The dam was opened by Queen Elizabeth in 1954": bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinatembea pamoja, tena magazeti yetu yanaiweka "na" palepale ambapo ya Kiingereza yanaiweka "by", kabla ya jina la mwandishi: "Na Mwandishi Wetu", "Picha na" fulani.

Tatizo linaanza mtu akigeuza kibao na kudhani kila "na" inayofuata kitenzi cha kutendwa ni "by". Si hivyo. "Anajulikana na watu wote" ni "known to everybody". "Nilishangazwa na bei" huwa ni "surprised at the price", ingawa "by" nayo hukubalika. "Chumba kilijawa na moshi" ni "filled with smoke". Na kuna moja ambalo nalitenga hapa chini, kwa kuwa linaleta aibu isiyo ya lazima.

Nimeolewa na Mganda. Kwa nini nikisema "I am married by a Ugandan" wananitazama vibaya?

Kwa sababu umesema jambo lingine. Kiswahili chetu kinasema mwanamke "ameolewa na" mwanamume, kwa hiyo akili inakwenda moja kwa moja kwenye "by". Kwa Kiingereza "married by" humtaja aliyefungisha ndoa: kadhi, padri, mchungaji au msajili. "We were married by the sheikh" maana yake sheikh ndiye aliyetufungisha. Mwenzi wako husemwa kwa "to": "I am married to a Ugandan."

Nalisisitiza hili kwa akina mama kwa sababu fomu nyingi na mahojiano mengi huuliza habari za ndoa. Kosa dogo pale linazaa maswali kumi.

Hapohapo mniruhusu niongeze la watoto. "He has two children by his first wife" ni sentensi sahihi: ana watoto wawili aliozaa na mke wa kwanza. Hiyo "by" ni ya uzazi, na utaikuta sana kwenye habari za urithi na mirathi.

Nitofautisheje "by" na "with"?

Kiswahili chako kinakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Sikiliza: "Mlango ulifunguliwa na Musa kwa ufunguo." Aliyefungua ni "na", alichofungulia ni "kwa". Kiingereza ni "The door was opened by Musa with a key." Mtendaji anapata "by", kifaa kinapata "with".

Kinachochanganya ni kwamba "kwa" yetu inafanya kazi mbili. "Nilikata kwa kisu" inakwenda kwenye "with", lakini "nilikuja kwa basi" inakwenda kwenye "by". Jiulize: kitu hicho nilikishika nikakitumia, au ni njia tu niliyopitia? Kisu, kalamu, jembe: "with". Basi, simu, posta, hundi: "by".

Rafiki zangu Waganda wakiandika Kiingereza huisahau kabisa hiyo "by" ya mtendaji. Kwa nini?

Luganda haiihitaji. "Omwana yalumibwa embwa" ni "mtoto aliumwa na mbwa", na ukitazama vizuri hakuna kitu chochote kati ya kitenzi na mbwa. Msemaji wa Luganda anajifunza kuongeza neno ambalo lugha yake haina. Wewe wa Kiswahili unajifunza kuchagua tu. Mvumilie, mzigo wake ni mzito zaidi.

"By Friday" na "until Friday" si kitu kimoja?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kiswahili kina "hadi" au "mpaka" kwa yote mawili. "Nitakusubiri hadi Ijumaa." "Una hadi Ijumaa kulipa." Sisi hatuchanganyikiwi, maana kitenzi kinatuonyesha njia. Kiingereza hakikubali. "Until" ni kwa jambo linaloendelea muda wote mpaka kikomo kifike: "I will wait until Friday." "By" ni kwa jambo linalotokea mara moja, wakati wowote kabla kikomo hakijapita: "You must pay by Friday."

Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia mwenye nyumba wake ujumbe wa simu, "I will pay until Friday." Kichwani mwake alikuwa amesema "nitalipa kabla Ijumaa haijaisha". Mwenye nyumba alisoma kwamba malipo yanaanza siku ya ujumbe huo na kuendelea kidogo kidogo hadi Ijumaa, akabisha hodi Jumatano kudai ya kwanza. Hakuna aliyedanganya hapo, ila walikaribia kugombana kwa neno moja.

Kuna kipimo nilichokitengeneza kwa ajili ya darasa langu, na kinafanya kazi. Itunge sentensi yako kwa Kiswahili. Ukiweza kuongeza "muda wote" bila kuiharibu, ni "until": nitakusubiri muda wote hadi Ijumaa. Ukiweza kusema "si zaidi ya", ni "by": ulipe si zaidi ya Ijumaa.

Je, Ijumaa yenyewe imo?

Kwa matumizi ya kawaida, imo. "By Friday" ni Ijumaa au kabla yake. Ila ofisi hufunga, kwa hiyo Ijumaa ya ofisi si lazima iishe usiku wa manane. Kama ni mkataba au fedha, mwombe anayeandika aweke "on or before" pamoja na tarehe kamili. Na saa zikitajwa, kumbuka kuzigeuza: "by 5 p.m." ni kufikia saa kumi na moja jioni.

Kwa nini "by" ya wakati huvuta "had" na "will have"?

Kwa sababu inakutaka usimame kwenye kikomo na kuangalia nyuma. "By 1931 the train had reached Kampala": kufikia mwaka 1931 gari moshi lilikuwa limeshafika Kampala. "By December I will have finished": kufikia Desemba nitakuwa nimeshamaliza. Ile "-mesha-" yetu ndiyo alama. Ukiisikia "-mesha-" pamoja na "kufikia", andaa "had" au "will have" mapema.

"By the time" ni hivyohivyo, na hufuatwa na sentensi nzima: "By the time we reached Mbale, the market had closed." Tulipofika Mbale, soko lilikuwa limeshafungwa.

Nisemeje nimekuja kwa boda boda?

"By boda boda" inaeleweka na kila mtu hapa Uganda. Sharti ni moja: baada ya "by" usiweke "a", "the" wala "my". Ni "by bus", "by taxi", "by ferry" kama unavuka kwenda Kalangala, "by air", "by road". Ukishataja chombo fulani hasa, "by" inaondoka: "in my car", "on the bus", "on a boda boda". Na kwa miguu ni "on foot". Utasikia watu wakisema "by foot", lakini mwalimu atakayesahihisha karatasi ya mtoto wako anataka "on foot".

Ploti ya "50 by 100" ni nini hasa?

Neno hili mmeshalikuta kwenye kila kibao cha kuuzia ardhi, kuanzia Gayaza mpaka Mukono. Hapo "by" inaunganisha vipimo viwili, upana na urefu, na kwa Kiswahili ni "kwa": futi 50 kwa futi 100. Ni futi za mraba 5,000, karibu desimali 11 na nusu kwa hesabu ya desimali 100 kwa ekari moja. Mbao za "4 by 2" ni hesabu ileile, ila kwa inchi.

Angalieni kwamba usemi huo hautaji kizio. Watu wanaelewana kwa mazoea tu. Mazoea hayatoshi kwenye karatasi ya mauziano, kwa hiyo futi au mita ziandikwe.

Kuna ndugu ya matumizi haya, ile ya kuzidisha na kugawanya: "multiply 50 by 100", "divide by 4". Nayo ni "kwa": zidisha kwa, gawanya kwa.

Kodi "increased by 50,000" au "increased to 50,000"?

Tofauti yake ni pesa taslimu. Chukua chumba cha shilingi 300,000. Kodi ikipanda "by 50,000", utalipa 350,000, maana 50,000 ndiyo nyongeza. Ikipanda "to 350,000", hicho ndicho kiasi kipya chenyewe. "By" ni pengo kati ya zamani na sasa, "to" ni mahali ulipofika. Kiswahili kinasema vilevile: imepanda kwa, imepanda hadi.

Kwa "by" ya pengo, mfano ninaoupenda ni wa wanariadha wetu, na darasa hukaa wima ninapoutaja. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa saa 2:08:01, na aliyemfuata, Abel Kirui wa Kenya, alimaliza kwa 2:08:27. "He won by 26 seconds." Miaka minane baadaye, kule Monaco, Joshua Cheptegei alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12:35.36, wakati rekodi ya awali ilikuwa 12:37.35. "He broke the record by almost two seconds." Andikeni sentensi hizo mbili ukutani kwenu. Hamtaikosea tena.

"By the kilo" na "per kilo" zina tofauti gani?

"By the kilo" inaeleza namna ya kuuza: samaki huyu anauzwa kwa kilo, si kwa mmoja mmoja. "Per kilo" hufuata bei: shilingi kadhaa kwa kilo moja. Hivyo ndizi za matoke zinauzwa "by the bunch", kwa mkungu, na kibarua analipwa "by the day", kwa siku. Hapa "the" inarudi.

Neno likirudiwa pande zote mbili za "by", mara nyingi Kiswahili kinalirudia na kuiacha "by" nje kabisa: "one by one" ni mmoja mmoja, "little by little" ni kidogo kidogo, ila "step by step" ni hatua kwa hatua.

Na "by" yenye "-ing"?

Ni "kwa ku-". "She paid the school fees by selling rolex": alilipa karo kwa kuuza rolex, hizi chapati zetu za kukunja na mayai. Hujibu swali la "vipi?". Usiweke "to" baada ya "by".

Nilisoma Kifaransa Bukavu. Naweza kuichukua "by" kama "par"?

Nusu ya safari, ndiyo. Mtendaji wa kauli ya kutendwa ni "par" huko na "by" huku. "Par avion" ni "by air". "Par cœur" ni "by heart", picha ileile ya moyo. Hapo furahini.

Lakini kuna shimo moja ambalo lazima nilionyeshe. "Deux fois par jour", mara mbili kwa siku, si "by day". Kwa Kiingereza ni "twice a day" au "twice per day". "By day" ni wakati wa mchana, kinyume cha "by night". Ukimweleza muuguzi kwamba mtoto anakunywa dawa "two times by day", anaweza kuelewa kwamba dozi zote mbili zinamezwa mchana na usiku hakuna kitu. Kwenye habari za dawa msibahatishe.

Kikomo cha wakati nacho si "par". "Par exemple" ni "for example". Na "par terre" ni chini sakafuni, wakati "by land" ni kusafiri nchi kavu.

Sisi Waislamu tunasema "bismillahi". Hiyo "bi" ni ndugu wa "by"?

Swali hili liliulizwa na kijana wa Bombo, na lilinipendeza. "Bi" ya Kiarabu hufanya kazi za "kwa" na "katika", na kwenye kiapo "billahi" inakaa pale Kiingereza kinapoweka "by": "I swear by God". Sauti na kazi zimekutana, lakini asili ni mbili. Kiingereza na Kiarabu ni lugha za koo tofauti. Ni msaada mzuri wa kukumbukia, basi.

Vipi "by heart", "by hand", "by name"?

Misemo hii haitaki "a" wala "the". "By hand" ni kwa mkono. "I know him by name" ni namjua kwa jina, na "by sight" ni kwa sura. "By mistake" ni kwa bahati mbaya au kwa kukosea. "By force" ni kwa nguvu. Yenye "the" ni "by the way", ambayo hapa mjini inasikika kila dakika mbili, nayo ni ya kuchomekea neno: halafu, kabla sijasahau.

"By heart" ina mtego. Si "kwa moyo", kwa kuwa kusoma kwa moyo ni kusoma kwa bidii na mapenzi. "By heart" ni kuhifadhi, kusema kwa ghibu bila kutazama kitabu.

Kwenye Katiba wameandika "citizenship by birth". Hiyo ni "by" gani?

Ni "by" ya msingi wa jambo: umelipata kwa njia gani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja uraia "by birth", wa kuzaliwa, "by registration", wa kusajiliwa, na "by naturalisation", wa kuomba na kukubaliwa kuwa raia. Kiswahili kinapendelea "wa" hapo. Namna hiyohiyo ni "a teacher by profession", mwalimu kwa taaluma.

"By myself" ni peke yangu au mwenyewe?

Vyote viwili. "I live by myself": naishi peke yangu. "I built this house by myself": nimeijenga mwenyewe, bila msaada.

"Goodbye" na "Rugby" zina "by" ndani?

Hapana. "Goodbye" ni mkato wa dua, "God be with you", Mungu awe nawe. Na "-by" ya Rugby, Derby au Whitby, ambayo ni miji ya Uingereza, ni neno la watu wa kaskazini waliohamia Uingereza zamani, maana yake kijiji au shamba.

Mwanangu ana mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi. Nimsaidie vipi?

Sehemu A ya karatasi ya Kiingereza ina mapengo ya kujaza, na "by" hupenda kujificha huko. Kuna pia kugeuza sentensi iende kauli ya kutendwa. Asikariri orodha ya vihusishi kumi. Mpe sentensi zenye "by", azitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, mmoja wenu akimuuliza kila mara, "Kilichofuata ni nini: mtu, saa, chombo, mahali, kitenzi au namba?"

Halafu mwonyeshe kwamba mara nyingine kanuni peke yake haitoshi. "He was buried by the church." Kanisa ni mahali, basi alizikwa kando ya kanisa. Kanisa pia ni waumini, basi alizikwa na kanisa. Sentensi zote mbili za Kiswahili ni sahihi, na atakayechagua ni sentensi iliyotangulia. Mwache mtoto aisome hiyo kwanza.